Kompyuta ya nyumbani haifikiki ukiwa mbali: fuata dalili hadi kwenye chanzo

Ukishindwa kuingia kwenye kompyuta yako ukiwa mbali, programu hukupa ujumbe. Usiufunge haraka. Soma kwanza, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali linalotangulia mengine yote: umekataliwa, au umenyamaziwa?

Kukataliwa huja papo hapo. Unabonyeza kuunganisha, na kabla hujaondoa kidole jibu limekwisha kurudi, mara nyingi kwa maneno "Connection refused". Kuna kifaa kilichopokea ombi lako na kulirudisha. Kunyamaziwa huchukua muda. Kiduara kinazunguka, sekunde zinapita, ndipo linakuja "Connection timed out". Hapo ombi limepotelea njiani, au limefika mahali palipoamriwa lisijibiwe. Iko pia hali ya tatu: umefika, umeulizwa jina na nenosiri, kisha umezuiwa. Ukiona hivyo, mtandao wako ni mzima, usiuguse. Shida iko kwenye akaunti.

Nimewasaidia ndugu na wafanyakazi wenzangu kwa miaka kadhaa katika jambo hili, na karibu kila aliyepoteza siku nzima aliipoteza kwa kurekebisha kitu kizima. Mmoja alibadilisha nenosiri mara tatu ilhali kompyuta ilikuwa imelala. Mwingine alizima na kuwasha ruta asubuhi yote, kumbe huduma yenyewe haikuwashwa kamwe. Ndiyo maana ninasisitiza dalili kwanza, mkono baadaye.

Ombi lako lina vituo vinne vya kupita: mtandao wa hapo ulipo, ruta ya nyumbani, fayawoli ya kompyuta (programu inayozuia maombi yasiyoruhusiwa), na hatimaye programu inayosikiliza ndani ya kompyuta hiyo. Kila programu husikiliza kwenye mlango wenye namba yake. Remote Desktop ya Windows hutumia mlango 3389, SSH, ya kuendesha kompyuta kwa amri za maandishi, hutumia 22, VNC, ya kuona skrini kutoka mbali, na huduma ya kushiriki skrini ya Mac hutumia 5900. WireGuard, kwa wanaotumia VPN hiyo (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani kupitia intaneti), kwa kawaida huwekwa kwenye 51820 wa UDP. UDP na TCP ni namna mbili za kusafirisha data.

Kupima mlango ni rahisi. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3389

Weka anwani ya kompyuta yako badala ya hiyo. Mstari wa mwisho ukisema TcpTestSucceeded : True, mlango umefunguka. Kwenye Mac na Linux amri ni nc -vz 192.168.1.20 22. Usitegemee ping, amri ya kuuliza kama kompyuta ipo, peke yake. Windows nyingi zimewekwa zisijibu ping, kwa hiyo kompyuta inaweza kuwa macho kabisa na bado ping ikakuambia haipo.

Dalili: kimya kabisa, ilhali jana ilikubali

Anza na jambo dogo kuliko yote: kompyuta imelala. Katika visa nilivyoshika mimi, hiki ndicho chanzo kilichojitokeza mara nyingi zaidi, na ndicho watu hukiruka kwa sababu wana hakika kwamba waliiacha imewaka. Kuiacha imewaka hakutoshi. Kompyuta isiyoguswa kibodi wala kipanya huhesabu dakika zake na kulala, na mara nyingi haijali kwamba wewe ulikuwa na nia ya kuiingia kutoka mbali.

Kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa ikipotea kila siku jioni. Asubuhi naingia bila shida, jioni kimya. Nilimshuku mtoa huduma wa intaneti, nikaishuku ruta, hadi siku moja nikafungua kumbukumbu za matukio za Windows, sehemu ya System, nikachuja chanzo cha Kernel-Power. Lilikuwapo tukio namba 42, linalosema mfumo unaingia usingizini, na saa yake ililingana kabisa na saa ya kupotea. Nilikuwa nimeizuia isilale kwa mpango mmoja wa umeme, kisha sasisho la programu ya mtengenezaji likaleta mpango mwingine na kuuweka mbele.

Kwa hiyo usiishie kuangalia mpangilio. Angalia tukio. Ukipata 42 muda mfupi kabla ya kimya kuanza, umepata jibu. Zima usingizi kwa upande wa umeme wa ukutani, kisha usubiri zaidi ya muda uliokuwa umepangwa na kuipima tena. Kwenye kompyuta mpakato, angalia pia kinachotokea ukifunga kifuniko: mara nyingi kufunga kifuniko ni kulala, hata kama umekataza usingizi kwingine kote. Kwenye Linux yenye mazingira ya GNOME, skrini ya kuingilia ina mipangilio yake ya usingizi, tofauti na ya kwako, kwa hiyo kompyuta iliyowashwa upya na kuachwa bila mtu kuingia inaweza kulala ingawa wewe ulikwisha kuikataza. Njia ya mkato ni kufunga usingizi wote:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Wengine hupenda kuiacha ilale na kuiamsha kwa Wake-on-LAN. Ni jambo zuri, ila lielewe vizuri. Pakiti ya kuamshia, yaani kifurushi kidogo cha data, ina baiti sita za FF zikifuatiwa na anwani ya MAC ya kompyuta (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao) iliyorudiwa mara 16, jumla baiti 102. Inatangazwa ndani ya mtandao wa nyumbani tu, na kwa kawaida ruta haiipitishi kutoka nje. Hivyo unahitaji kifaa kingine kilicho macho nyumbani, kama ruta yenyewe au kompyuta ndogo isiyozimwa, ndicho kiitume. Hufanya kazi kwa uhakika zaidi kupitia kebo kuliko Wi-Fi, na ni lazima iruhusiwe mahali pawili: kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka) na kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao. Kama kompyuta huamka ikiwa imelala lakini haiamki ikiwa imezimwa, jaribu kuondoa "Fast startup" ya Windows.

Kuna dalili moja ya hapa inayochosha sana kwa asiyeijua: kompyuta inaamka, unaanza kuunganisha, na baada ya dakika mbili imepotea tena. Windows ina muda wa siri kwa kompyuta iliyoamka bila mtu kuwa mbele yake, "System unattended sleep timeout", na kwa kawaida muda huo ni dakika 2. Hauonekani kwenye orodha ya mipangilio ya umeme mpaka ufichuliwe kwa amri ya powercfg au kwenye rejista. Ukiufichua, uongeze.

Kama kompyuta haijalala, shuku anwani. Ruta huazimisha anwani kwa muda, na kompyuta iliyokuwa 192.168.1.20 inaweza kuamka ikiwa 192.168.1.34. Mlango ambao ruta iliamriwa kuuelekeza kwenye 20 sasa unaelekea ukutani. Ingia kwenye ruta na ufunge anwani moja kwa ile MAC ya kompyuta yako. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji kurudiwa. Anwani ya nje, ile ambayo nyumba yako huonekana nayo kwenye intaneti, pia hubadilika, hasa ruta ikizimika na kuwaka. Dawa yake ni jina la DNS (jina linalosimama badala ya anwani ya namba) linalojisasisha lenyewe, na ruta nyingi zina sehemu ya kuliweka. Ukiwa nalo na bado kuna kimya, linganisha: nslookup ya jina lako ikupe anwani, kisha uone kama ndiyo anwani ya nje ya nyumba leo.

Ukikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, usihangaike na milango. Maana yake iliomba anwani na hakuna aliyeijibu, basi ikajipa yake. Kebo, Wi-Fi au ruta ndiyo ya kutazamwa.

Dalili: ndani ya nyumba inakubali, nje haifikiki

Dalili hii ni zawadi, maana imekwisha kukuthibitishia kwamba kompyuta iko macho, huduma inasikiliza na nenosiri ni sahihi. Kilichobaki ni ruta na kilicho nje yake.

Hakikisha kwanza unapima kutoka nje kweli. Mtu hukaa sebuleni, anaandika anwani ya nje ya nyumba yake, inashindikana, anahitimisha kwamba ameharibu kitu. Ruta nyingi hazina uwezo wa kugeuza ombi linalotoka ndani kwenda anwani ya nje na kulirudisha ndani. Zima Wi-Fi ya simu, tumia data ya simu, ujaribu hivyo. Hicho ndicho kipimo cha haki.

Kikishindwa, fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya upande wa WAN (upande unaotazama intaneti), uiandike. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya nje. Zilinganishe. Zikiwa sawa, ruta yako inakabili intaneti moja kwa moja, na kosa huenda liko kwenye kuelekeza mlango: anwani ya ndani iliyopitwa na wakati, UDP mahali pa TCP, au sheria iliyoandikwa lakini haijawashwa.

Zikitofautiana, tazama anwani ya WAN inaanzaje. Ikianza na 192.168, au 10, au kati ya 172.16 na 172.31, yaelekea una ruta mbili zilizofuatana: ya mtoa huduma, na ya kwako nyuma yake. Mlango umeufungua kwenye ya pili tu, na ya kwanza bado imefungwa. Elekeza mlango kwenye zote mbili, au uombe ile ya kwanza iwekwe kama daraja tu (bridge). Watoa huduma wengine pia hutumia anwani za namna hii kwa wateja wao, kwa hiyo kama nyumbani kuna kifaa kimoja tu, soma aya inayofuata.

Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, zilipungua kiasi kwamba akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 2011, na mwaka 2012 fungu hilo la 100.64 likatengwa rasmi ili watoa huduma waweze kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa mteja maana yake ni hii: hakuna sheria utakayoandika kwenye ruta yako ikafungua mlango, kwa sababu mlango unaohitajika uko kwenye kifaa cha mtoa huduma, ambacho hukigusi. Nimeona mtu akikesha na ukurasa wa ruta, sheria zake zote ni sahihi, na mtandao wake usingeweza kumpokea hata kwa bahati. Inaumiza kuona juhudi nzuri ikienda bure namna hiyo.

Njia za kutokea zipo. Omba anwani ya umma kutoka kwa mtoa huduma. Tumia IPv6, mfumo mpya wa anwani, kama pande zote mbili zinayo, ukikumbuka kwamba ruta kwa kawaida huzuia maombi ya IPv6 yanayotoka nje mpaka uruhusu. Au tumia mfumo ambao kompyuta ya nyumbani yenyewe ndiyo inayotoka kwenda nje na kushikilia uzi, kama Tailscale, RustDesk, TeamViewer au Chrome Remote Desktop. Hapo hakuna mlango wa kufungua. Angalizo kwa wa Tailscale: mfumo huo nao hugawa anwani za fungu hilohilo la 100.64. Ukiiona kwenye kompyuta yako chini ya Tailscale, ni ya kwake. Ushahidi wa CGNAT ni anwani iliyo kwenye WAN ya ruta.

Dalili: jibu la kukataa, papo hapo

Kwenye Linux au Mac, kukataliwa kwa kawaida kunamaanisha kompyuta ipo lakini hakuna anayesikiliza mlangoni. Linux: systemctl status ssh, na kwenye baadhi ya matoleo ni sshd. Kisha ss -tlnp ikuonyeshe milango inayosikilizwa. Ukiona 127.0.0.1:5900, huduma inasikiliza kwa ajili ya kompyuta yenyewe tu na wa nje hawezi kuifikia, unataka 0.0.0.0, au anwani ya mtandao wa ndani. Mac: fungua mipangilio ya kushiriki uone kama kuingia kwa mbali au kushiriki skrini kumewashwa.

Windows ina tabia yake. Fayawoli yake ikiwa imewashwa, hunyamaza hata pale ambapo hakuna programu inayosikiliza, ili wapelelezi wasijue lolote. Kwa hiyo kimya cha Windows kinaweza kuwa na maana ileile ambayo Linux ingekueleza kwa kukataa. Kimya kikikushinda kwenye Windows, nenda kwenye kompyuta yenyewe uandike netstat -an na utafute 3389 yenye LISTENING. Isipokuwapo, huduma imezimwa. Na hapo uliza toleo. Windows Home haipokei Remote Desktop. Inaweza kuitumia kwenda kwingine, lakini yenyewe haifungui mlango. Kupokea ni kwa Pro, Enterprise na Education. Kwa mwenye Home, programu nyingine kati ya nilizotaja itamtosha.

Jambo jingine: ukikataliwa kwenye anwani ya nje ya nyumba, anayekataa anaweza kuwa ruta, si kompyuta. Kabla hujaanza kuitengeneza kompyuta, ipime kwa anwani yake ya ndani.

Fayawoli yenyewe hukosea zaidi mtandao unapobadilika jina. Umenunua ruta mpya, Windows inauona mtandao mgeni, inauweka kwenye kundi la mitandao ya umma, na sheria zilizoandikwa kwa mtandao wa faragha tu zinaacha kufanya kazi. Rudisha mtandao wa nyumbani kuwa wa faragha. Usizime fayawoli yote ukasahau kuiwasha.

Na kama kompyuta imeunganishwa na Wi-Fi ya wageni, ihamishe. Mitandao ya wageni kwa kawaida huzuia vifaa visionane.

Dalili: VPN imeunganishwa, lakini hakuna kinachofikika

Kwa wenye WireGuard, neno "imewashwa" halithibitishi kitu. WireGuard hainung'uniki: ufunguo ukiwa si sahihi au mlango ukiwa umefungwa, haikuambii. Tazama "latest handshake", yaani salamu ya mwisho kati ya pande mbili. Ikiwa haipo, hamjawahi kusalimiana, na shida ni ufunguo, anwani au mlango wa UDP. Ikiwapo na ni ya muda mfupi uliopita, salamu zimefika. Shida iko mbele zaidi. Kama huunganika kisha hukatika baada ya kukaa kimya, weka PersistentKeepalive = 25 kwenye upande ulio nyuma ya NAT (ruta inayoweka vifaa vingi nyuma ya anwani moja).

Shida ya mbele zaidi ninayokutana nayo ni kugongana kwa mitandao. Nyumbani ni 192.168.1, na hoteli au ofisi ulipo nayo ni 192.168.1. Unaomba 192.168.1.20, na kompyuta uliyoshika inaitafuta hapohapo chumbani badala ya kuituma kupitia VPN. Ukiwa tayari umesafiri, kimbilia data ya simu yako kwa muda, au ongeza njia ya anwani moja tu, /32, kwenye VPN. Ukirudi nyumbani, badilisha mtandao wako uwe namba isiyo ya kawaida, mfano 10.73.20.0/24. Ningeomba kila anayeweka VPN nyumbani afanye hivi siku ya kwanza, kabla hajawa na vifaa ishirini vya kubadilisha.

Dalili nyingine: unaingia kwa SSH, unaandika amri fupi na zinajibu, lakini ukifungua faili refu au skrini nzima, kila kitu kinaganda. Ndogo zinapita, kubwa zinakwama. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja. Mtandao wa kawaida hubeba pakiti za baiti 1500, wa PPPoE (namna ya kuunganisha ya baadhi ya watoa huduma) 1492, na WireGuard huwa na 1420. Kukiwa na sehemu nyembamba zaidi njiani, pakiti kubwa hupotea bila taarifa. Shusha MTU ya VPN hadi 1280 ujaribu. Ikipona, panda taratibu.

Dalili: nenosiri ni sahihi, bado inakataa

PIN haiingii hapa. Watu wengi hufungua Windows kwa tarakimu nne au kwa alama ya kidole kila siku, na Remote Desktop inataka nenosiri lenyewe la akaunti. Kama akaunti ni ya Microsoft, jina la mtumiaji ni barua pepe, au MicrosoftAccount\ ikifuatiwa na barua pepe hiyo. Na kama kompyuta hiyo haijawahi kufunguliwa kwa nenosiri tangu iwekwe, nenda mbele yake, ingia kwa nenosiri mara moja, kisha ujaribu tena kutoka mbali. Akaunti ya ndani huandikwa kwa jina la kompyuta, mkwaju wa nyuma, kisha jina la mtumiaji. Akaunti isiyo na nenosiri haikubaliwi kutoka mbali.

Ukiambiwa akaunti imefungwa na hukukosea hata mara moja, simama hapo. Windows 11 zilizosakinishwa upya kuanzia toleo la 22H2 hufunga akaunti kwa dakika 10 baada ya makosa 10. Kama si wewe uliyekosea, kuna mwingine anayejaribu. Fungua kumbukumbu za Security utafute tukio 4625. Utaona majina ambayo hayajawahi kuwa nyumbani kwako, kama administrator, admin na test, yakibisha hodi usiku kucha. Mlango 3389 uko wazi kwa dunia nzima. Ufunge leo. Udhaifu wa BlueKeep wa Mei 2019, CVE-2019-0708, ulimwezesha mshambuliaji kuendesha programu zake kwenye matoleo ya zamani ya Windows bila nenosiri lolote, na ulikuwa mzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata cha Windows XP. Kubadilisha namba ya mlango hupunguza kelele, hakuleti usalama. Weka VPN mbele yake.

Kwa SSH, "Permission denied (publickey)" mara nyingi ni ruhusa za faili. Folda .ssh iwe 700, faili la funguo authorized_keys liwe 600, yaani zifikiwe na mwenyewe tu, na folda ya nyumbani isiandikike na wengine. Kwenye Windows yenye seva ya OpenSSH, funguo za mtumiaji aliye msimamizi hazisomwi kwenye folda yake, zinasomwa C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys. Hili limewachosha wengi, nami nilikuwa mmoja wao.

Ukionywa kwamba utambulisho wa kompyuta umebadilika, usifute onyo kwa mazoea. Kama uliweka mfumo upya au anwani imehamia kifaa kingine, sawa, ondoa kwa ssh-keygen -R. Kama hukufanya lolote, hakikisha kwanza unazungumza na nani.

Dalili: umeingia, skrini ni nyeusi

Kompyuta isiyo na skrini iliyochomekwa wakati mwingine haichori picha yoyote. Kiziba kidogo cha HDMI kinachojifanya skrini hulimaliza tatizo hilo. Kwenye Mac, tangu macOS Catalina ya 2019, programu ya mbali inahitaji ruhusa ya kurekodi skrini, na ruhusa nyingine ya kuendesha kipanya na kibodi. Ukiona picha lakini kipanya hakitii, ni ile ya pili inayokosekana. Kwenye Linux, kama mfumo wako bado unacho, jaribu kuingia kwa kikao cha Xorg badala ya Wayland (mifumo miwili ya kuchora skrini). Kwenye Remote Desktop, Ctrl+Alt+End wakati mwingine huamsha kikao kilichoganda.

Ukikatwa ghafla, piga simu nyumbani kabla ya kulaumu mtandao. Windows ya kawaida huruhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja. Aliyeketi mbele ya kompyuta akiingia, wewe unatoka.

Polepole kupita kiasi? Tazama kasi ya kupakia ya nyumbani, maana picha ya skrini inatoka kule kuja kwako. Punguza rangi na ukubwa wa picha, ondoa mandhari.

Dalili: ilipotea baada ya kuzimika na kuwaka

Umeme umekatika na kurudi, au sasisho limeiwasha upya usiku. Kwenye BIOS kuna mpangilio wa kuifanya iwake umeme ukirudi. Bila huo itabaki imezimwa. Ikiwaka, inaweza kusimama kwenye PIN ya BitLocker au kwenye skrini ya FileVault (kufuli za diski za Windows na Mac), mahali ambapo programu yako ya mbali bado haijaanza. Na programu nyingine huanza tu baada ya mtu kuingia kwenye akaunti yake. Iweke kama huduma ya mfumo, kisha ujaribu kwa vitendo: iwashe upya, usiiguse, uiingie kutoka chumba kingine.

Pakishindikana yote, utahitaji macho ya mtu aliye nyumbani. Mwezi mmoja nilikuwa mbali, kompyuta kimya, nikampigia mdogo wangu. Nikamwomba apige magoti chini ya meza aniambie anachokiona.

"Kaka, taa ya kompyuta inawaka."

"Na nyuma yake, pale kebo inapoingia, kuna vitaa viwili vidogo. Vinapepesa?"

"Hakuna kinachowaka pale."

"Sukuma kebo mpaka usikie inalia tik."

Akasukuma. Hakuna mlio. Kibano cha plastiki cha kichwa cha kebo kilikuwa kimevunjika, na meza iliposogezwa siku ya usafi kebo ikarudi nyuma kidogo sana, isionekane kwa macho. Akaishikilia kwa kidole, vitaa vikapepesa, nikaingia. Alishikilia muda wote niliponakili faili langu.

Tangu siku hiyo ruta yangu ina karatasi iliyobandikwa ubavuni. Imeandikwa jina la kompyuta, anwani yake ya ndani, kebo ipi ni ya nini, taa zipi zinatakiwa kuwaka na kwa rangi gani, na kipi cha kuzima kwanza na cha kuwasha mwisho. Nenosiri halimo. Na siku moja kabla ya kila safari nazima Wi-Fi ya simu, natoka nje ya mlango, nafungua kompyuta yangu kwa data ya simu, naiamuru iwake upya, na kusubiri mpaka inirudie.